Rubani wa Tumati

Jumanne, 1 Julai 2025

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Nimekunywa chai peke yangu, nikaosha kikombe, nikakaa. Sikuona la kufanya, nikakiosha tena.

Kustaafu ni jambo la ajabu sana. Miaka yote nilikuwa mtunza stoo wa halmashauri. Watu walipanga foleni mlangoni kwangu wakitaka majembe na mabati, wakiniita Bwana Stoo, wakiniuliza hali na usingizi wangu. Sasa hakuna anayeuliza. Mke wangu Juliana alipofariki mwaka juzi, watu walijaa uani hapa mpaka wengine wakakaa juu ya kuni. Walilia, walikula, waliondoka. Tangu hapo naongea na kuku.

Na barazani kwa Nicodemo kumejaa! Nicodemo ni jirani yangu, bwana mifugo mstaafu, alikuwa Mogitu kule Hanang akichanja ng'ombe. Mtu wa kawaida kabisa. Anacheka ovyo. Lakini ana televisheni ya sola, na kila jioni nusu ya kitongoji iko kwake, wanatazama mpira na kucheza drafti. Vicheko vinafika mpaka kwangu. Nafunga dirisha, bado vinafika.

Leo nimepata dawa yake. Nimeona kwenye simu video ya mzee mmoja wa nchi za nje akirusha ndege ndogo ya umeme kwa rimoti. Ina mota, ina mabawa, inazunguka uwanja kama ndege za watu wakubwa. Na kando ya yule mzee kulikuwa na watu! Wamesimama, wanatazama juu, wanapiga makofi. Mwisho mmoja alimshika bega.

Televisheni kila mtu anaijua. Ndege hakuna mwenye nayo hapa Tumati, wala Dongobesh, na nadhani hata Mbulu mjini. Nitanunua ndege. Watu watakuja kwangu. Nicodemo atabaki na drafti yake.

Jumatano, 2 Julai

Siku nzima kuchagua ndege. Simu imeishiwa chaji mara kadhaa. Shingo inauma.

Kuna mengi. Wanaojua wanasema mtu anayeanza achukue ndege ambayo bawa lake liko juu ya mwili, maana hiyo hutulia hewani yenyewe. Iwe ya povu gumu, lile wanalofungia televisheni kwenye boksi, ili ikigonga chini isisambaratike. Propela iwe nyuma, pua ikichimba udongo propela ipone. Iende polepole. Na iwe na kifaa ndani cha kuisawazisha. Ukichanganyikiwa unaachia rimoti, ndege inajiweka sawa.

Nimempigia Festo, mwanangu, yuko Arusha kwenye duka la simu. Nilimweleza. Akaniuliza kama ninakula vizuri. Nikamwambia hilo siyo swali. Akaenda kwa mtu anayeuza vitu hivyo, akanitumia picha za ndege mbili.

Ya kwanza nyeupe, ya wanaoanza. Ina yote niliyoandika hapo juu. Tumbo nene, mabawa manene. Bata kabisa.

Ya pili nyekundu! Ya kivita. Bawa chini, pua ndefu, kasi. Festo alisema hiyo ni ya wazoefu, ataichukua ile nyeupe. Akasema, baba, nakuomba.

Nimefikiri kwa utulivu. Nicodemo akiniona na bata atacheka mpaka Krismasi. Na kusema kweli mimi siyo mtu wa kuanza. Niliwahi kuendesha trekta la halmashauri dereva alipougua, kutoka mlangoni mpaka kwenye mtaro. Nimemjibu Festo: nyekundu.

Ijumaa, 4 Julai

Ndege imefika Dongobesh kwa basi. Boksi kubwa, limefungwa kamba. Nani yuko stendi? Nicodemo, anasubiri dawa zake za kupe. Akauliza nimeletewa nini. Nilitaka iwe siri mpaka Jumapili. Nikasema ni mashine ya kutotoleshea mayai.

Kosa kubwa. Kabla jua halijapoa Fransiska alikuwa getini na kikapu cha mayai. Fransiska, Mama Angela, ni mjane, anakaa ng'ambo ya korongo. Amesikia kwa Nicodemo kwamba nina mashine, anaomba mayai yake yaingie pamoja na yangu. Nilikuwa sebuleni nabandika mabawa, vidole vimejaa gundi. Nikamwambia mashine bado inapata moto. Nikapokea kikapu.

Alikuwa ameshaanza kuniuliza kifua changu kinaendeleaje na hii baridi. Nikamjibu kwa kifupi, nikafunga geti. Sina muda. Nina kazi ya kuwaleta watu kwangu, siwezi kusimama na kila anayekuja.

Jumapili, 6 Julai

Leo! Leo!

Watu wakitoka misa kigangoni hupita njia ya kando ya shamba langu. Nikasimama pale kwenye mabua na ndege mkononi, nimevaa koti nililopewa nilipostaafu. Wakasimama. Wengi! Nicodemo naye. Akauliza kwa sauti kama mayai yameshatotoka. Nikawasha mota, nikaitupa ndege juu.

Ikapanda. Nyekundu kabisa juu ya mikaratusi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mtu nyuma yangu akasema Bwana Stoo huyu ni hatari. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu Juliana aumwe. Nilitaka kugeuka nimwambie.

Nikaigeuza irudi. Hapo ndipo hawakueleza vizuri kwenye simu. Ndege ikiwa inaenda, kushoto ni kushoto. Ikiwa inakuja kwako, kushoto ni kulia. Nikavuta huku, ikaenda kule. Upepo wa mchana ukaichukua, ikapita juu ya miti, ikashuka upande wa kwa Mzee Bura, mfugaji wa kule bondeni. Watu wakacheka vizuri, kisha wakakumbuka kuna mechi. Wakaenda na Nicodemo. Nikabaki na rimoti.

Nikateremka kwa Mzee Bura kuchukua ndege. Kuichukua tu, nirudi. Lakini kwa Mzee Bura huingii ukasema shida yako. Unatoa shikamoo. Unaletewa kigoda. Unaulizwa mvua, mahindi, watoto, mifugo, kimoja kimoja, na wewe unamuuliza vyote hivyo hivyo. Tulipofika kwenye mifugo nikashtuka. Ng'ombe!

Huku kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini kwake. Unamwekesha rafiki. Yeye anakamua, na wewe unabaki na ng'ombe na rafiki. Mimi nilimwekesha Mzee Bura mtamba wa Juliana kabla Juliana hajaugua. Na mwenye ng'ombe hupita kumtazama ng'ombe wake. Mimi sijapita tangu msiba.

Mzee alidhani nimekuja kwa ajili hiyo. Akanyanyuka kwenye ngozi yake ya kukalia, akashika fimbo.

"Nilidhani umetukataa, mwanangu," alisema. "Sisi na ng'ombe wako."

Nikasema nimekuja kumtazama ng'ombe. Tukaenda zizini. Mtamba ni mama sasa, ana ndama mwenye baka jeupe usoni, na ndama huyo alikuwa analamba mkia wa ndege yangu kwenye samadi. Mzee akauliza hiki nini. Nikasema ni yangu, imetangulia.

Maziwa ya mgando. Kisha pombe kidogo. Kisha habari za ukame wa zamani, na ukoo wa mama wa huyo ng'ombe, wote. Nimerudi kondoo wanaingia, ndege kwapani, kibuyu cha maziwa mkononi. Nusu siku nzima imepotea kwa kosa dogo la kukata kona. Sitakubali upuuzi huu tena.

Nalala mchovu na nimeshiba.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Hakuna kazi, kama siku nyingine zote.

Matengenezo. Bawa lilikuwa na ufa. Nikapaka ile gundi kali inayoshika papo hapo. Ikala povu! Tundu la kupitisha kidole. Nikaziba kwa gundi ya mbao na kipande cha mfuko wa sandarusi. Sasa upande mmoja ni mzito kidogo. Haidhuru.

Nikarusha mchana. Nilikuwa peke yangu, maana nilitaka kwanza kuizoea. Ikaenda upande ule mzito, ule ule, mpaka ikavuka korongo. Nikasikia ukelele wa mwanamke.

Nikachukua kikapu cha mayai. Nilijua ni kwa Fransiska, na nilijua siwezi kwenda mikono mitupu halafu yeye aulize vifaranga. Nikamkuta uani amesimama juu ya turubai la maharage. Alikuwa akipepeta. Ndege imepita katikati ya rundo, maharage yametapakaa mpaka mlangoni kwa mbuzi. Nikampa pole. Nikamrudishia mayai yake. Nikamweleza kwamba mashine ni hii hapa.

Alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza hii inaatamia usiku au mchana. Halafu akaingia ndani akatoka na ungo wa pili, akanipa. Ni haki yake. Maharage niliyamwaga mimi.

Tukapepeta. Upepo ule ule uliovuruga ndege ulikuwa mzuri sana kwa maganda. Akaniambia nashika ungo kama mtu wa ofisi. Akasema Juliana alikuwa anarusha juu, anapokea, punje haianguki, na huku anaimba vibaya. Kweli aliimba vibaya! Hakuna mtu anayemtaja Juliana mbele yangu. Wanadhani nitaumia. Macho yakanijaa, nikasema ni maganda. Fransiska akasema maji ya kunawa yako kwenye ndoo.

Tukala makande. Leo nimemkumbuka Juliana kuliko siku zote, na haikuuma kama siku zote. Sijui kwa nini.

Lakini ndege! Imeharibika pua. Na mchana wote umekwenda. Kwa mwendo huu nitawaalika watu lini?

Jumatano, 9 Julai

Aibu. Aibu tupu.

Nimenyoosha pua kwa maji ya moto, mbinu ya kwenye simu, inafanya kazi. Nikasubiri jioni upepo utulie. Nia yangu ilikuwa kupita juu ya baraza la Nicodemo, juu kabisa, mara moja, watu waone na kunifuata. Mpango safi.

Imeanguka juu ya bati lake. Kishindo kilisikika mpaka barabarani. Mpira ulikuwa unaendelea. Wote wakatoka.

Ningeweza kuiacha. Nilisimama njiani nikafikiri kuiacha. Lakini rimoti ilikuwa mkononi mwangu na wote walikuwa wananitazama. Nikaingia. Nikatoa shikamoo kwa wazee, nikampa mkono kila mtu, mmoja mmoja, huku mkia wa ndege unaning'inia juu ya vichwa vyetu. Nicodemo akaleta ngazi. Akapanda mwenyewe, na goti lake lile bovu. Akateremka nayo, akaigeuza, akaitazama chini ya bawa, akauliza kama imeshachanjwa ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe. Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, kwa adabu tu.

Nikapewa kiti. Nikapewa chai. Mtu akaniuliza bawa linashika hewa vipi, nikaeleza, wakasikiliza! Kisha Nicodemo akasogeza drafti. Nimemfunga. Akadai marudio. Nimemfunga tena.

Alinisindikiza mpaka getini kwangu. Pale akasimama.

"Bwana Stoo, baada ya msiba tulikuja kwako," alisema. "Tulikuja mara nyingi. Tunatikisa geti, tunaona kufuli liko kwa ndani. Tukasema basi, tumwache apumzike."

Niliwasikia. Nilikuwa ndani, nimekaa kitandani upande wa Juliana. Nilikuwa nalia na sikutaka mtu anione. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia kufuli lilishika kutu. Akasema ataniletea grisi.

Nimewaza sana jambo hili. Kwa nini Nicodemo awe mwema hivi ghafla? Ngazi, chai, kunisindikiza. Jibu ni moja. Anaitaka ndege.

Alhamisi, 10 Julai

Nyekundu imekwisha. Mota inazunguka lakini mwili umekatika nyuma ya bawa. Nimeiweka juu ya kabati.

Nimepiga hesabu ya hasara, siyo ya fedha, ya muda. Wiki nzima nimeshinda kwenye nyua za watu. Nimekunywa maziwa, chai, pombe, nimepepeta maharage yasiyo yangu, nimetazama ndama. Na kwangu hajaja mtu hata mmoja kutazama ndege, isipokuwa Nicodemo aliyeleta grisi leo asubuhi, na huyo hahesabiki, alikuja kwa ajili ya kufuli.

Tatizo nimelipata. Ndege inaanguka. Ikiwa haianguki sitalazimika kwenda popote. Nimempigia Festo, nimemwambia aagize ile nyeupe. Alifurahi. Akasema sauti yangu siku hizi ni nzuri. Nikamwambia ni hewa ya juu.

Jumamosi, 12 Julai

Bata amefika. Nakiri, ni ndege ya akili.

Bawa juu, propela nyuma, kifaa cha kusawazisha ndani. Nimeirusha asubuhi. Ikapanda taratibu. Nikakosea kona makusudi, nikaachia rimoti, ikajiweka sawa. Upepo ukaisukuma, ikakataa. Ikazunguka shamba langu, mpaka kwa mpaka, haikutoka hata kidogo. Ikashuka ikatua miguuni pangu.

Nikairusha tena. Ikatua miguuni pangu. Tena, hivyo hivyo.

Hakuna mtu aliyepita. Jumamosi wako Dongobesh gulioni. Kuku walitazama mara ya kwanza, baadaye wakaendelea na mambo yao. Betri ilipoisha nikaingia ndani, nikaichomeka, nikakaa kuingojea. Nyumba ilikuwa kimya sana. Nilimwambia Juliana imetua vizuri. Nilisema kwa sauti, halafu nikaona haya.

Jioni vicheko kwa Nicodemo. Walikuwa wanabishana kuhusu penalti. Nilitaka kwenda kuwaambia haikuwa penalti. Lakini hakuna kitu changu juu ya bati lake.

Jumapili, 13 Julai

Maonyesho makubwa baada ya misa. Watu walisimama kidogo. Ndege ilizunguka vizuri, ikatua vizuri. Wakasema nzuri. Wakangoja. Nadhani walingoja ianguke. Haikuanguka, wakaondoka.

Fransiska alibaki nyuma, amevaa kitenge chake cha kigangoni. Nikamweleza kwa kirefu jinsi kifaa kinavyoisawazisha, na kwamba maharage yake sasa yako salama kabisa, haitavuka korongo tena. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Basi Baba Festo, njoo bila ndege," alisema. "Leo napika makande. Njoo tu."

Nikamshukuru sana. Nikamwambia ningependa, ila sina kitu kilichoangukia kwake. Akakaza kitenge, akashika njia ya korongoni. Wanawake hawaelewi mambo ya urubani.

Nimekula ugali wa asubuhi. Nimekaa na jambo hili mchana wote, na nimeona wazi kwamba mtu mzima hawezi kuingia uani kwa mtu hivi hivi, bila jambo, kama mtu anayetafuta wa kuongea naye. Watu watasema Baltazar anajisikia mpweke. Mimi siyo mpweke. Nina ndege.

Kisha nikasoma karatasi iliyokuja kwenye boksi, na Mungu ni mwema. Kumbe nyuma ya rimoti kuna swichi. Ukiibonyeza kile kifaa cha kusawazisha kinazimika, na ndege inaanguka kama nyingine yoyote! Nimeshampigia Festo anitumie propela za akiba, nyingi. Aliuliza za nini, nikasema ni tahadhari.

Kesho upepo ukivuma kuelekea ng'ambo ya korongo nitairusha, nitaifikisha juu ya ua wa Fransiska, nitabonyeza. Nikilenga vizuri haitagusa maharage. Nitavuka korongo mchana mweupe, kila mtu akiniona, na nitakuwa na sababu.